Diski Imeandikwa AES-256. Je, Imefungwa?

Hotuba kwa mafundi wa kompyuta na wasimamizi wa mifumo

Mwenyekiti wa kikao, ndugu zangu mafundi, nanyi wenzetu mnaosimamia kompyuta za hospitali, za SACCOS, za shule na za halmashauri: ahsanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie diski za SSD zinazojisimba zenyewe, yaani zinazogeuza data zisisomeke bila ufunguo, na hasa fundi afanye nini pale diski inapodai ina uwezo huo halafu kompyuta ikagoma kuutumia. Swali hilo nitalijibu. Lakini naomba tuanzie upande wa pili, ule ambao hauletwi dukani kwa sababu hakuna mteja anayeulalamikia: diski inaonekana imesimbwa, ofisi nzima inaamini hivyo, kumbe iko wazi. Usimbaji uliogoma kuwaka unajitangaza wenyewe. Huu mwingine hunyamaza mpaka siku laptopu inaibwa stendi ikiwa na majina ya wagonjwa wa kliniki nzima.

Na siku hizi jambo hili lina sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya mwaka 2019. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Mgonjwa akija kuuliza data zake zililindwaje, "diski yetu ni ya AES-256" si jibu, maana maneno hayo yapo kwenye boksi la diski hata kabla hujalifungua.

Tuelewane kwanza diski hizi zinafanya kazi vipi. Ndani ya SSD kuna kontrola, chipu inayoiendesha diski, na ndani ya kontrola ya diski za aina hii kuna saketi ya AES (AES ni njia ya usimbaji, na 256 ni urefu wa ufunguo kwa biti). Kila kinachoandikwa kinasimbwa kabla hakijafika kwenye chipu za kumbukumbu, na kila kinachosomwa kinasimbuliwa kikiwa njiani kutoka. Kazi hiyo inafanyika tangu diski ilipotoka kiwandani, uwe umeweka nenosiri au hujaweka. Ndiyo sababu usimbaji wa maunzi, yaani huu unaofanywa na diski yenyewe, hauipunguzii diski kasi: hakuna kazi mpya iliyoongezwa. Ufunguo wa data unazaliwa ndani ya diski na hautoki humo. Usipoweka nenosiri, diski ikipata umeme inajifungulia yenyewe na kumhudumia yeyote aliyeichomeka, awe mwenye mali au mwizi.

Nataka mlione hili kwa macho. Chukua SSD mpya ya NVMe, ile ndogo kama kadi, yenye uwezo wa Opal, aina ya kufuli nitakayoieleza punde, ichomeke kwenye kompyuta ya Linux, weka programu ya sedutil, kisha kama msimamizi andika sedutil-cli --query /dev/nvme0. Yatashuka majibu mengi. Tafuta sehemu ya Locking. Utakuta: Locked = N, LockingEnabled = N, LockingSupported = Y, MediaEncrypt = Y. Tuisome taratibu. MediaEncrypt = Y inasema data zilizo kwenye chipu zimesimbwa, kweli kabisa. LockingSupported = Y inasema diski inaweza kufungwa. LockingEnabled = N inasema hakuna aliyewahi kuiwasha kufuli hiyo. Locked = N inasema sasa hivi iko wazi. Ile Y ya MediaEncrypt ndiyo inayopigiwa tangazo. Ile N ya LockingEnabled haiandikwi kwenye boksi wala kwenye risiti, na ndiyo inayoamua kama mwizi atasoma au hatasoma.

Kwa hiyo mteja akikuambia diski yake ni ya usimbaji, swali lako la kwanza liwe: nani ameifunga, na kwa kitu gani? Maana kufuli zenyewe zipo za aina tatu. Ya kwanza ni ya zamani, nenosiri la ATA, lile unaloliweka ndani ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, kwa jina la nenosiri la diski. Ya pili ni Opal, kiwango cha muungano wa makampuni uitwao Trusted Computing Group, na toleo ambalo mtakutana nalo sana ni 2.0. Ya tatu ni ile Microsoft waliyoiita eDrive, ambayo ni Opal 2.0 iliyoongezewa kiwango cha IEEE 1667 ili BitLocker, programu ya usimbaji iliyomo ndani ya Windows, iweze kuiendesha moja kwa moja kuanzia Windows 8. Diski inaweza kuwa na Opal bila IEEE 1667. Diski ya namna hiyo ni nzima kabisa, ila BitLocker haitaitumia kwa usimbaji wa maunzi hata ukeshe, na saa nyingi za mafundi zimepotelea hapo. Soma karatasi ya sifa za modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kushika bisibisi.

Sasa nije kwenye tukio lililobadilisha kila kitu katika fani hii, kwa sababu bila kulijua utaona hitilafu mahali ambapo hakuna hitilafu.

Novemba 2018, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Radboud kilichopo Nijmegen, Uholanzi, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walitangaza walichokikuta ndani ya diski za kawaida za madukani. Walichunguza Crucial MX100, MX200 na MX300, Samsung 840 EVO na 850 EVO, pamoja na diski za kubeba za USB, Samsung T3 na T5. Waliichambua fimwea ya diski hizo, yaani programu inayoendeshwa na kontrola, amri kwa amri, wakitaka kujua jambo moja: nenosiri analoandika mtumiaji linahusianaje na ufunguo unaosimba data?

Katika usanifu ulio sahihi, nenosiri hugeuzwa kihesabu kuwa ufunguo, na ufunguo huo ndio unaosimba ule ufunguo wa data. Bila nenosiri, ufunguo wa data hauwezi kupatikana hata uwe umeishika kontrola mkononi, kwa kuwa haupo popote katika hali ya kusomeka. Kwenye MX100 na MX200 watafiti hawa hawakukuta uhusiano huo. Fimwea ilikuwa inalinganisha tu nenosiri ulilotoa na lile lililosajiliwa. Likifanana, inaendelea, lisipofanana, inakataa. Ufunguo wa data ulikuwa umekaa humohumo diskini, hautegemei nenosiri kwa lolote. Basi wakaunganisha nyaya kwenye mlango wa JTAG, ule wa kukagulia chipu, ulio kwenye ubao wa diski, wakaibadilisha ile sehemu ya ukaguzi ikubali kila kitu, wakaandika nenosiri lolote. Diski ikafunguka na data zote zikasomeka.

Kwenye 840 EVO kasoro ilikuwa nyingine, na inafundisha zaidi. SSD haifuti na kuandika palepale. Huandika toleo jipya mahali pengine ili chipu zisichakae upande mmoja, na toleo la zamani hubaki kwa muda mahali lilipokuwa. Sasa fikirini: siku diski inatoka kiwandani, ufunguo wa data umehifadhiwa bila ulinzi wa nenosiri, kwa kuwa nenosiri bado halijawekwa. Siku unaliweka, ufunguo unahifadhiwa upya ukiwa umelindwa. Lakini nakala ya zamani, ile isiyolindwa, inaweza kuwa bado iko kwenye chipu. Mtumiaji amefanya kila alichoambiwa, na bado siri imebaki nje.

Diski si zote zilikuwa na kasoro ileile, na nyingine ukubwa wa tatizo ulitegemea ni kufuli ipi imetumika. Kwa nenosiri la ATA, kwa mfano, kuna nenosiri la pili liitwalo nenosiri kuu. Kiwango cha ulinzi kikiwekwa cha juu (High) badala ya cha juu kabisa (Maximum), nenosiri kuu hilo la kiwandani linaweza kufungua diski, na wewe hukuwahi hata kuambiwa kuwa lipo. Watengenezaji walikuwa wameshaarifiwa tangu Aprili 2018. Crucial walitoa fimwea mpya. Samsung walitoa fimwea kwa diski za kubeba, na kwa zile za ndani ya kompyuta walishauri watu watumie programu ya usimbaji. Ushauri huo nauchukulia kwa uzito sana: mtengenezaji wa diski mwenyewe anakuambia usiitegemee saketi yake.

Na wala halikuwa jambo la kwanza la aina hiyo. Mwaka 2012 Intel walikiri hadharani kuwa diski zao za SSD 520 zilizotangazwa kwa AES ya biti 256 zilikuwa zinatoa biti 128 tu, kwa sababu ya kontrola ya SandForce iliyokuwa ndani yake, wakajitolea kuzipokea kwa waliotaka kuzirudisha. Biti 128 bado ni ulinzi imara, siwatishi. Ninachosema ni kwamba mnunuzi hakuwa na namna yoyote ya kujua akiwa nje ya diski.

Kilichofanya tukio la 2018 liwe zito kwa wote ni BitLocker. Wakati ule BitLocker ikikuta diski inayosema "mimi najisimba", na masharti mengine yametimia, ilikuwa inaikabidhi kazi yote bila kumuuliza mtu. Msimamizi aliona BitLocker imewaka, akaandika kwenye ripoti kwamba kompyuta zote zimesimbwa na Windows. Kumbe Windows haikusimba hata faili moja. Imeiachia fimwea ambayo hakuna aliyeikagua. Novemba 2018 hiyohiyo Microsoft walitoa waraka wa ADV180028 wa kueleza namna ya kuangalia na kurekebisha. Septemba 2019, kupitia sasisho la KB4516071 la Windows 10, wakabadilisha chaguo-msingi: kuanzia hapo BitLocker inasimba kwa programu, hata diski idai nini, mpaka msimamizi aseme vinginevyo.

Ndiyo maana nimesema bila historia hii utatafuta ugonjwa usiokuwepo. Fundi ananunua diski yenye eDrive, anawasha BitLocker, anafungua dirisha la amri kama msimamizi, anaandika manage-bde -status, anakuta mstari wa Encryption Method umeandikwa XTS-AES 128. Anasema diski ni mbovu, au ni feki. Hapana. Windows inafanya ilichoagizwa tangu 2019. Kama usimbaji ungekuwa wa maunzi, mstari ule ungeandikwa Hardware Encryption ukifuatiwa na namba ndefu, kwa mfano 1.3.111.2.1619.0.1.2.

Na kuna upande wa pili wa mstari huohuo, ambao naomba kila msimamizi aliyepo hapa akauangalie wiki hii. Lile badiliko la 2019 haliwagusi waliokwisha kusimba. Kompyuta iliyowashiwa BitLocker mwaka 2016 kwa usimbaji wa maunzi imebaki hivyo mpaka leo, masasisho yote yamepita juu yake. Ukikuta Hardware Encryption kwenye mashine ya zamani, zima BitLocker, subiri mpaka imalize kusimbua, weka sera ya kulazimisha programu, kisha washa upya. Inachukua muda kidogo. Ukiangalia tu alama ya kufuli kwenye ikoni ya diski hutaona tofauti yoyote.

Sasa tuseme umeyasikia yote haya na bado una sababu ya kutaka usimbaji wa maunzi. Kompyuta ina prosesa dhaifu, au mteja ana mkataba unaodai hivyo. Tufuate njia kutoka kwenye diski kwenda juu, kwa mpangilio, kwa sababu kila ngazi inaweza kukwamisha na Windows haikuambii ni ipi.

Modeli ya diski tumeshaisema. Toleo la Windows liwe Pro au zaidi, maana Home haikupi usimamizi wa BitLocker. Kompyuta iwe inawaka kwa UEFI halisi, mrithi wa BIOS, toleo la 2.3.1 au jipya zaidi, na ile hali ya kuigiza BIOS ya zamani, CSM, izimwe kabisa. Kwenye kompyuta nyingi zilizotumika nje zikaletwa kwetu, CSM imeachwa imewaka na mfumo ulisakinishwa kwa mtindo wa zamani. Hapo hakuna mkato, utasakinisha upya. Na ukumbuke UEFI yenyewe lazima iwe na huduma ya kupeleka amri za usalama kwa diski. Kuna mazabodi hazina, na kwa hizo jibu ni sasisho la UEFI kutoka kwa mtengenezaji au kuachana na mpango.

Kisha kuna sharti ambalo limewashinda wengi: diski iwe haijaanzishwa. Windows huichukua diski ya eDrive pale inapoianzisha mara ya kwanza. Ukiwa tayari umehamishia mfumo kwa programu ya kunakili diski, umechelewa. Kwa Samsung, programu yao ya Magician inaonyesha hali mbili: kwanza "Ready to enable", nayo inakuwa "Enabled" baada tu ya diski kufutwa kwa njia salama na Windows kusakinishwa upya juu yake. Watu huona "Ready to enable", wanafurahi, wanaendelea na kazi. Hiyo ni hali ya kusubiri. Hakuna kilichowashwa.

Ukipita hapo ukakwama bado, ingia UEFI utafute mpangilio unaoitwa Block SID. Kompyuta nyingi za kisasa, kila zinapowaka, hutuma amri ya kuizuia diski isichukuliwe umiliki mpaka umeme ukatike. Ulinzi huo una maana yake: unazuia kirusi kisiifunge diski yako kwa nenosiri lake halafu kikakudai pesa. Lakini unamzuia na fundi halali. Kwenye mashine nyingi unauzima kwa kuwaka kunakofuata tu, unathibitisha kwa kubonyeza kitufe ukiwa umekaa mbele ya kompyuta, unafanya kazi yako, unaurudisha. Nimeona watu wakibadilisha diski nzima nzima kwa sababu ya mpangilio huu mmoja.

Yapo mengine mawili nitayapita haraka. Diski zikiwa ndani ya RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa kama moja, au nyuma ya kasha la USB, amri za Opal mara nyingi haziifikii diski kabisa, hivyo itaonekana haina uwezo wowote. Ichomeke moja kwa moja kwenye mazabodi kabla hujaihukumu. Na kwenye Group Policy, mahali pa kuwekea sera za Windows, chini ya BitLocker Drive Encryption, kuna sera za kuruhusu usimbaji wa maunzi, ya diski ya mfumo peke yake na za diski za data peke yake. Ndani yake kuna kisanduku kinachoruhusu Windows kurudi kwenye programu ikishindwa maunzi. Wakati wa kutafuta tatizo kiondoe tiki, au tumia manage-bde -on D: -fet hardware, ili ikishindwa iseme imeshindwa badala ya kukusimbia kimyakimya kwa njia nyingine.

Kwa wenzetu wa Linux, kikwazo cha kwanza kwa diski za SATA, muunganiko wa zamani kuliko NVMe, ni kerneli yenyewe, kiini cha Linux, ambayo kwa kawaida huzuia amri hizi. Ongeza libata.allow_tpm=1 kwenye vigezo vya kuwashia, uwashe upya, kisha sedutil-cli --scan. Ukiona namba 2 mbele ya jina la diski, hiyo ni Opal 2.0. Ukiona No, rudi kwenye karatasi ya sifa. NVMe hazihitaji kigezo hicho. Na kama unashughulika na nenosiri la ATA kwa hdparm -I ukakuta neno frozen, ni BIOS imeigandisha diski ilipowaka. Mara nyingi kuilaza kompyuta na kuiamsha kunaiachia.

Ndugu zangu, niingie sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi kuliko wanaoandika miongozo hii huko Ulaya na Marekani. Laptopu na diski nyingi tunazozishika Kariakoo, na wenzetu Luthuli Avenue kule Nairobi, zimeshatumika kwingine. Zimetoka kwenye makampuni ya nje, na baadhi zilifungwa kwa Opal na mwenye funguo yuko ng'ambo. Inafika mezani kwako inaonekana hivi: BIOS inaitambua kwa jina na ukubwa wake, programu ya SMART inasema afya ni nzuri, lakini ukijaribu kuisoma unapata makosa tu, na ukiifomati inakataa. Au kompyuta inakuta mfumo mdogo usioujua unaoomba nenosiri, kwa sababu Opal ina eneo dogo la kuwakia linaloonyeshwa badala ya data halisi pale diski ikiwa imefungwa. Mafundi wengi huiita hiyo diski mfu na kuiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Haijafa. Afya yake inasomeka kwa sababu kufuli ya Opal inafunga data. Taarifa za SMART haizigusi. Ichomeke, endesha ile query, ukute Locked = Y. Kisha igeuze uangalie lebo. Diski za Opal huchapwa namba iitwayo PSID, herufi na tarakimu 32, na namba hiyo haisomeki kwa amri yoyote. Iko kwenye lebo peke yake. Ukiiingiza, diski inarudi katika hali ya kiwandani na ufunguo wa data unatupwa na kuzaliwa mwingine. Kila kilichokuwemo kimepotea moja kwa moja, ila diski imepona. Waliotengeneza sedutil waliipa amri hiyo jina refu, --yesIreallywanttoERASEALLmydatausingthePSID, ili mtu asiiandike kwa bahati mbaya. Angalieni sufuri na herufi O, moja na herufi I. Lebo zenyewe zimechapwa kwa maandishi madogo mno.

Hapa nasema kwa mkazo: PSID haiokoi data. Mteja akija amesahau nenosiri la Opal na ana picha za harusi humo, usimuahidi kitu. Na usiiguse PSID mpaka amekuelewa na amekubali kwa maandishi, kwa sababu ni sekunde chache tu na hakuna fundi duniani atakayerudisha. Vilevile, diski ya eDrive iliyosimbwa kwa maunzi haifunguki kwa kuifanyia amri ya clean kwenye diskpart ya Windows. Ama uizime BitLocker kabla ya kuifuta, ama PSID.

Kwa hiyo anayenunua diski kwa wingi kwa ajili ya ofisi apige picha ya kila lebo kabla ya kuisakinisha. NVMe hufunikwa na bamba la kupozea, na lebo ikibanduliwa wakati wa kulifunga, imekwenda. Na anayenunua diski iliyotumika adai lebo nzima.

Kuna hali moja nyingine ambayo kufuli nzuri haikusaidii. Diski ikishafunguliwa asubuhi, inabaki wazi mpaka umeme wake ukatike. Mwaka 2015 kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat Europe, Daniel Boteanu na Kevvie Fowler walionyesha namna ya kuzipita diski zinazojisimba kwa kutumia udhaifu huohuo: kompyuta iliyoachwa imewaka au imelala, diski inapatiwa umeme bila kukatika, kisha inahamishiwa mashine nyingine au kompyuta inalazimishwa kuwaka upya kwa mfumo wa mshambuliaji. Wafanyakazi wanaofunika laptopu na kuitia kwenye begi wanadhani wameizima. Wafundisheni kuzima kabisa wanaposafiri.

Mmeniuliza wakati wa chai msimamo wangu ni upi, nami nausema wazi. Kwa ofisi nyingi zilizowakilishwa hapa, tumieni usimbaji wa programu: BitLocker kwenye Windows, LUKS kwenye Linux. Msimbo wa LUKS uko wazi kwa yeyote kuukagua. BitLocker haiko wazi hivyo, lakini inafanana kwenye kila mashine mnayoimiliki, na kasoro ikigundulika inazibwa kwa sasisho la kawaida badala ya kusubiri fimwea ya kila modeli ya diski. Prosesa nyingi za miaka hii zina amri za AES ndani yake, na Intel walizianza mwaka 2010. Kwenye Linux andika cryptsetup benchmark uone kompyuta yako inasimba kwa kasi gani, uilinganishe na kasi ya diski. Kwa kazi za ofisi, mtumiaji wa kawaida hataiona tofauti. Kwa seva inayoandika bila kupumzika ataiona, na hapo mazungumzo ni mengine.

Opal siitupi. Kuanzia toleo la 2.7 la cryptsetup, programu inayoiendesha LUKS, lililotoka mwanzoni mwa 2024, unaweza kutumia --hw-opal ukapata tabaka mbili, LUKS juu na kufuli ya diski chini. Hiyo naipenda kwa laptopu za watu wanaosafiri na data nzito. Iko pia --hw-opal-only, ambayo inategemea diski peke yake, na baada ya niliyowaeleza kuhusu Nijmegen mnajua kwa nini siipendekezi.

Na kuna kazi moja ambayo saketi ile inaifanya vizuri kuliko chochote: kufuta. Unapouza au kugawa kompyuta, kuandika sufuri juu ya SSD hakugusi sehemu ambazo diski imeziweka pembeni. Kutupa ufunguo kunazigusa zote kwa mara moja. Kwa NVMe inayolikubali hilo, nvme format --ses=2 inafanya kwa muda mfupi sana. Diski ikiwa ilisimbwa pia kwa programu tangu siku ya kwanza, basi hata kama fimwea yake ina kasoro, aliyeinunua atakuta takataka zilizosimbwa na ufunguo ambao hauko tena popote. Ofisi inayofanya hivyo haihitaji kuziponda diski kwa nyundo, na diski nzima zinaweza kwenda shuleni.

Mezani pale nimeweka diski za SATA na za NVMe, baadhi zimefungwa, nyingine lebo zake zimebanduliwa makusudi. Kompyuta mbili zina Block SID na moja imeachwa CSM ikiwa imewaka. Tugawane kwa vikundi, kila kikundi kianze na query kabla ya kugusa kitu kingine, na mstari wa Locking uandikwe kwenye karatasi pamoja na hukumu yenu: imefungwa, iko wazi, au haiwezi.